Mapatano ya Ndugu wa Nyumba Moja





Yako majeraha ambayo hayaonekani na mganga wala hayafungwi kwa kitambaa. Mtu aweza kuwa mzima wa mwili, mwenye nyumba yake na watoto wake, tena mwenye heshima mbele ya watu, na huku ndani ya kifua chake amebeba kidonda alichokipata akiwa na umri wa miaka 7 au 10, si vitani wala njiani, bali katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Huenda alimwona mwenzake akipelekwa shule ilhali yeye akikabidhiwa fimbo ya kuchungia. Huenda baba alikuwa mlevi, na kila usiku watoto walisikiliza hatua zake zikikaribia mlango ili wajue kama watalala au watakimbilia kwa jirani. Huenda nyumba ilikuwa na wake wawili, na chuki ya akina mama ikawa ndiyo urithi wa watoto. Huenda alikuwa binti aliyetolewa darasani ili ada ipatikane kwa ajili ya kaka yake.

Watoto hao sasa ni watu wazima. Hukutana misibani na arusini, wakasalimiana kwa ulimi, kisha kila mmoja akarudi kwake na mzigo wake. Wahenga walisema kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini, ndugu msomaji, wako ndugu ambao jirani zao wamelima na kuvuna misimu 20, na bado hawajapatana.

Sisi walimu wa dini huletewa swali hili mara nyingi, hasa na wale waliosilimu karibuni na wale ambao wangali wanauchunguza Uislamu. Husema: “Mwalimu, mimi nimekubali kusamehe maadui. Lakini je, huyu aliyezaliwa pamoja nami, aliyenitesa nikiwa mdogo, naye ana haki juu yangu? Na nikimsamehe, nifanye nini na yale ninayoyakumbuka?” Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa neno moja la kumwambia mtu asahau. Basi na tulitafutie jibu mahali ambapo Mwenyezi Mungu Mwenyewe amelieleza kwa urefu.

Nyumba ya Nabii

Katika Kurani Tukufu iko sura moja, nayo ni Sura Yusufu, ambayo karibu yote ni habari ya nyumba moja: baba, wanawe, na dhuluma iliyotendeka baina yao. (Aya tunazozitaja hapa tumezihesabu pamoja na Bismillahi.) Wale wanaosoma Biblia wataikuta habari hiyo katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia mlango wa 37, ingawa masimulizi yanahitilafiana katika mambo kadhaa.

Sura hiyo yatuambia kwamba ndugu zake Yusufu (a.s.) walisema kuwa yeye na mdogo wake ndio wapenzi zaidi wa baba yao, hali wao ni kundi lenye nguvu (12:9). Hatusemi kamwe kwamba Nabii Yaakubu (a.s.) aliwadhulumu wanawe, la hasha. Aliona katika mtoto yule alama za neema ya Mungu, na moyo wake ukavutwa. Lakini wale wengine walijiona wamepungukiwa, na kutokana na kujiona huko ukatoka wivu, na katika wivu ukatoka kisima. Mmoja wao alizuia Yusufu asiuawe, wakakubaliana kumtumbukiza kisimani. Jioni wakarudi kwa baba yao wakilia, na mkononi wana kanzu yenye damu ya uongo (12:17-19). Mtoto akauzwa kwa thamani duni, dirhamu chache za kuhesabika.

Kwa nini tunaanzia hapa? Kwa sababu watu wengi waliokulia katika nyumba zenye maumivu hujiona kuwa wametupwa na Mungu. Mtu huwatazama wenzake wanaopendana, kisha hujiambia kwamba nyumba yao ilikuwa na laana. Basi ajue kwamba hata katika nyumba ya Nabii, mwana wa Nabii na mjukuu wa Nabii, wivu ulipata mlango wa kuingilia. Kuumizwa katika nyumba ya baba yako si dalili kwamba Mola wako amekuacha. Mwenyezi Mungu alimpelekea Yusufu ufunuo akiwa katika giza la kisima, kwamba siku itafika atawaambia ndugu zake habari ya jambo lao hilo, hali hawatambui (12:16).

Hapa kuna neno la kufikiri sana. Mungu hakumwambia mtoto yule kwamba jambo hilo litasahauliwa. Alimwambia kwamba litasemwa.

Kweli isemwe, bila kuaibisha

Kwa hesabu ya Biblia, Yusufu alikuwa na miaka 17 habari hiyo ilipoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya mfalme wa Misri. Ikapita miaka 7 ya shibe na miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Basi kidonda hicho kilikuwa na umri wa miaka 22 hivi.

Ndugu zake walipofika Misri kutafuta chakula, yeye aliwajua na wao hawakumjua (12:59). Tazama hali yao, ndugu msomaji. Mara nyingi aliyetenda husahau, na aliyetendwa hasahau. Tena hata wakati ule hawakuwa wamekoma kumsema vibaya, maana kikombe kilipoonekana katika mzigo wa ndugu yake mdogo, walidai mbele yake kwamba kama huyu ameiba, basi kaka yake naye aliiba zamani. Yusufu alikuwa na askari na magereza chini ya amri yake. Aliyasikia hayo, akayaficha moyoni mwake (12:78).

Lakini katika tukio hilo hilo lilidhihirika jambo jingine. Watu wale wale waliomwacha mtoto mmoja kisimani, sasa waliomba mmoja wao ashikwe badala ya mdogo wao. Na mkubwa wao akakataa kuiacha nchi ile, akiwakumbusha wenziwe walivyokosa kwa habari ya Yusufu (12:79-81). Mungu alikuwa ameupanga mpango ulioonyesha kwamba miaka ile haikupita bure. Ndipo Yusufu akasema.

Na alisemaje? Hakuanza kwa kusema kwamba hakuna kilichotokea. Aliwauliza kama wanajua walilomtendea Yusufu na ndugu yake wakati ule walipokuwa wajinga (12:90). Alilitaja jambo lenyewe waziwazi, na katika swali hilo hilo akawawekea mlango wa kupitia, kwa kuwa alikihesabu kitendo chao kuwa ni cha wakati wa ujinga wao. Nao wakajibu kwa kuapa kwamba Mungu amemchagua yeye juu yao, na kwamba wao kwa hakika walikuwa wenye makosa (12:92). Hawakuleta visingizio wala hawakumtaja baba na mapenzi yake. Baada ya hapo ndipo likatoka neno lake kubwa, kwamba siku hiyo hapana lawama juu yao, na Mungu awasamehe (12:93).

Basi huu ndio utaratibu: kweli ilisemwa, kosa likakiriwa, kisha lawama ikafungwa. Wengi wetu huugeuza. Ama twataka lawama ifungwe kabla kweli haijasemwa, na hapo kidonda huzibwa juu na usaha ukabaki chini. Ama twasema kweli kila mwaka, katika kila msiba na kila arusi, na lawama haifungwi kamwe. Yusufu aliisema mara moja, na ilipokiriwa hakuirudia tena.

Ukitaka kujua kwamba hakuirudia, soma maneno yake ya mwisho mbele ya wazazi wake, alipokuwa akizihesabu neema za Mola wake. Alitaja kwamba Mungu alimtoa gerezani. Hakusema kwamba alimtoa kisimani, kwa sababu ndugu zake walikuwa wamesimama pale. Na fitina yenyewe aliitaja kuwa ni kazi ya Shetani iliyoingia baina yake na ndugu zake (12:101). Huyo ndiye mtu aliyepona. Mtu aliyepona si yule asiyekumbuka kisima. Ni yule ambaye anakumbuka, na hana tena haja ya kukitaja ili mwenzake ainamishe kichwa.

Msamaha si kurudi kisimani

Huenda msomaji mmoja atasema: “Ndugu zake Yusufu walibadilika. Wangu hajabadilika. Angali mlevi, angali mkali, na akija kwangu naogopea watoto wangu.” Ndugu yangu, Uislamu haukuamuru urudi kisimani. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, na kwamba anayesamehe huku akikusudia kutengeneza, ujira wake uko kwa Mungu (42:41). Msamaha umefungamanishwa na matengenezo. Msamaha unaomwachia mtu aendelee kuumiza wanyonge haukutengeneza kitu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipotuagiza kumsaidia ndugu aliye dhalimu na aliye mdhulumiwa, masahaba waliuliza dhalimu asaidiwe vipi, naye akaeleza kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi kumzuia ndugu yako, kumnyima nafasi ya kumdhuru mtoto, na hata kumpeleka mbele ya wazee au ya sheria, kwaweza kuwa ndio wema wenyewe.

Lakini kumzuia ni mbali na kumkata. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye udugu ukikatwa yeye huunga. Waweza kukataa asilale nyumbani kwako, na bado ukamsalimu, ukampelekea chakula akiugua, na ukamwombea katika sajida zako. Mlango mkubwa ukifungwa kwa hekima, dirisha na libaki wazi.

Hali kadhalika kwa habari ya wazazi. Wengi huogopa kusema kweli ya utoto wao kwa kudhani kwamba ni kuwavunjia wazazi heshima, hasa wakiwa wamekwisha fariki. Kurani Tukufu imetuamuru kusimamia haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu au juu ya wazazi wetu (4:136), na Kitabu hicho hicho kimetuamuru kuwaombea rehema kwa kuwa walitulea tukiwa wadogo (17:25). Amri hizi mbili hazipingani. Sema lililotendeka jinsi lilivyotendeka, usiongeze. Kisha inua mikono umwombee aliyelitenda.

Ndugu wa kunyonya

Mtume wetu Mtukufu (s.a.w.) hakuisoma sura hii kwa ulimi tu. Alikuwa na mtoto wa ami yake, Abu Sufyan bin Harith (si yule Abu Sufyan bin Harb, mkuu wa Makuraishi), ambaye pia alikuwa ndugu yake wa kunyonya, kwa kuwa wote wawili walinyonyeshwa na Bibi Halima. Walipendana tangu utoto. Lakini Utume ulipokuja, mtu huyo aligeuka adui, na kwa miaka mingi alitunga mashairi ya kumtukana Mtume (s.a.w.). Maneno ya adui huumiza. Maneno ya aliyekuwa mwenzako wa utotoni huumiza zaidi.

Katika mwaka wa 8 wa Hijria, yaani mwaka 630, Waislamu walipokuwa njiani kwenda Makka, Abu Sufyan huyo alikuja kutaka kuonana na Mtume (s.a.w.). Wanahistoria wameeleza kwamba Mtume hakukubali mara moja kumpokea, kwa sababu ya aliyoyapata kwake. Bibi Ummu Salama alimwombea. Naye Abu Sufyan akasema kwamba asipopokewa, atamshika mkono mwanawe mdogo na kuzurura jangwani mpaka wafe kwa njaa na kiu. Imepokewa pia kwamba Hadhrat Ali alimshauri amwendee Mtume kwa kumkabili uso kwa uso, na amwambie yale ambayo ndugu zake Yusufu walimwambia Yusufu. Alipofanya hivyo alipata jibu lile lile ambalo Yusufu aliwapa ndugu zake. Muda mfupi baadaye, katika vita vya Hunain, watu wengi waliporudi nyuma, yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki karibu na mnyama aliyepandwa na Mtume (s.a.w.).

Wewe ambaye umeombwa msamaha na moyo wako haukuweza kufunguka siku ile ile, usijihesabu kuwa mwovu. Na wewe uliyeomba ukakataliwa mara ya kwanza, usiondoke. Rudi tena, ukakiri wazi ulilolikosa.

Je, wewe ni Yusufu?

Hapa nataka kukueleza jambo linalonihusu mwenyewe, ijapokuwa si desturi yangu.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya mke mdogo. Nilisomeshwa, kisha nikaenda ng'ambo katika chuo cha dini kwa miaka mingi. Kaka yangu wa nyumba kubwa aliachishwa shule mapema akachunge na kulima. Niliporudi nilimkuta ni mtu wa maneno machache kwangu, na barua zangu hakuwa akizijibu. Nilipohutubia juu ya Sura Yusufu, na nimefanya hivyo mara nyingi, moyoni nilijiweka daima mahali pa Yusufu: mtoto aliyekwenda nchi ya mbali, ambaye ndugu yake anamwonea wivu.

Baba yetu alipofariki tulikutana nyumbani. Usiku wa tatu baada ya maziko nilimwuliza kaka kwa nini ananichukia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: “Mdogo wangu, sikuchukii. Wale maksai wawili waliouzwa ili ulipiwe shule, mimi ndiye niliyewafundisha kulima. Mwaka ule nililima kwa jembe la mkono, na uchumba wangu ukavunjika kwa kukosa mahari. Katika barua zako zote hukuuliza hata siku moja ada ile ilitoka wapi.”

Ulimi wangu ulikuwa tayari kujibu kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba aliyeuza ni baba. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa jibu. Nilifahamu usiku ule kwamba miaka yote nilikuwa nimeisoma sura ile nikiwa nimekaa mahali pasipo pangu. Mimi sikutupwa kisimani. Mimi nilikula mkate ulionunuliwa kwa mali ya mwenzangu, na sikuuliza.

Nikamwambia: “Kaka, ni kweli. Jasho lilikuwa lako, na faida nimekula mimi. Nisamehe kwa kutouliza.” Hakunijibu. Kesho yake, katika kugawa shamba, sehemu yangu ya bonde la mpunga nilimwachia. Aliipokea bila neno. Ilipita miezi mingi, kisha siku moja akanipigia simu kuniuliza kama mvua imenyesha huku niliko. Hakusema jambo jingine. Lakini alikuwa hajapata kunipigia tangu nirudi nchini.

Nimekueleza haya, ndugu msomaji, kwa sababu kila mmoja wetu akisoma habari ya nyumba hii hupenda kujiona ni Yusufu. Kabla hujangoja ndugu yako aje kukiri kwako, jiulize kwanza kama naye hakungoji wewe. Katika nyumba iliyoharibika mtu mmoja aweza kuwa mdhulumiwa kwa huyu, na mnufaika wa dhuluma kwa yule. Dada yako alipokuwa akichota maji na kupika ili wewe usome, wewe ulikuwa nani?

Tusiwarithishe watoto kisima

Mwisho, tujihadhari tusikichimbe kisima kile kile katika nyumba zetu. Bashir alipompa mwanawe Nuuman zawadi, mama yake mtoto, Bibi Amra binti Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume alimwuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia, akawaamuru watu wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Bashir akairudisha zawadi yake. Huo ni ulinzi wa mapatano ya miaka 30 ijayo, unaowekwa leo kwa mkono wa mzazi katika mambo madogo ya sahani, nguo na ada.

Pia kifo cha mzazi kisitufungulie upya yale tuliyoyafunga. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza katika mlango wa 50 kwamba baba yao alipokwisha kufa, ndugu zake Yusufu waliogopa kwamba sasa atalipiza kisasi. Naye alilia waliposema naye. Kama alikuwa amesamehe kwa ajili ya baba tu, msamaha ungalizikwa pamoja na baba. Lakini alikuwa amesamehe kwa ajili ya Mungu, na Mungu hafi.

Kanzu iliyotiwa damu ilipeleka uongo kwa mzee Yaakubu, na macho yake yakapofuka kwa huzuni. Siku ya mapatano Yusufu alipeleka kanzu nyingine kwa mikono ya ndugu zake wale wale, na mzee akaona tena (12:94-97). Waliopeleka msiba walipewa heshima ya kupeleka bishara. Basi, ndugu msomaji, kama yuko ndugu yako ambaye hamjasemezana, Mtume Mtukufu (s.a.w.) amekwisha kutueleza kwamba haifai kukaa hivyo zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kutoa salamu. Usingoje msiba mwingine uwakutanishe. Anza wewe.

Mwenyezi Mungu aponye yaliyovunjika katika nyumba tulizozaliwa, awarehemu wazazi wetu, atupe ulimi wa kukiri na moyo wa kusamehe, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo hakuna mtoto atakayelala akihisi kwamba hakupendwa. Amin.